Jiwe Bivu la Uwandani

Jiwe la uwandani lina rangi mbili, na mimi sikulijua hilo kwa miaka yote niliyokuwa nikipita kando yake kwa gari. Rangi ya kwanza ni kijivu kinachokaribia weusi. Hilo ni jiwe ambalo halijakanyagwa na mtu: limechongoka, limejaa matundu, na kingo zake zinakata kama wembe wa kinyozi. Rangi ya pili ni nyeupe iliyofifia, yenye mng'aro mdogo kama wa sahani ya zamani, na hilo ni jiwe lililopitiwa na nyayo mpaka likatulia. Mtu akiziona rangi hizi mbili mapema, akiwa juu ya baiskeli na miti ikimpita mabegani, anaweza kuuvuka uwanda wa kusini mwa Unguja kutoka Muyuni hadi Jambiani bila ya kuibeba baiskeli yake mgongoni. Mimi zilinichukua karibu nusu ya safari kuanza kuziona.

Uwanda ni ile nchi ya mawe na vichaka inayoanza pale udongo mzito wa mikarafuu na minazi unapokwisha. Mgeni akipita barabara ya Kitogani kwenda Kizimkazi huona ukuta wa majani mabichi pande zote mbili na kudhani kwamba ardhi ile ina rutuba kubwa. Akiingia ndani hatua kumi tu ataona kuwa miti ile imesimama juu ya mwamba, na mizizi yake imejipenyeza nyufani kutafuta udongo mwekundu mchache uliojikusanya humo. Katika udongo huo huo wa kiganja kimoja kimoja ndimo watu wa kusini walimopanda mihogo, mbaazi na matikiti tangu zama za mababu zao, na katika mwamba huo huo ndimo walimokata kuni na kuchoma chokaa. Njia niliyoifuata ni njia yao. Hakuna aliyeichora kwa ajili ya mchezo, na hakuna alama hata moja iliyopigiliwa mtini kumwambia mpita njia aende kushoto au kulia.

Nilikwenda peke yangu kwa kukusudia. Wenzangu tunaoendesha pamoja siku za mapumziko wanapenda lami, nami sina ugomvi na lami, lakini nilikuwa nimechoka kufuata mgongo wa mtu mwingine. Ukiwa nyuma ya mwenzio, macho yake ndiyo yanayochagua njia na wewe unaiga tu. Nilitaka kuchagua mwenyewe, na nikikosea nijue kwamba nimekosea mimi. Hata hivyo kwenda peke yako kuna masharti yake, na masharti hayo sikuyapuuza. Nililala Muyuni kwa rafiki yangu, nikamwonesha upande nitakaoingilia. Nikampigia simu shangazi yangu wa Jambiani, nikamwambia kwamba ikifika adhuhuri sijabisha hodi kwake, amwendee sheha. Nilibeba maji lita 3, pampu, mipira ya ndani miwili, viraka na gundi, kisu, na kitambaa safi cha kufungia jeraha. Chakula nilikitia katika mkoba mdogo wa ukili, yaani miyaa iliyosukwa, ambao shangazi huyo huyo alinishonea Idi iliyopita, wenye kifuniko na kifungo cha kamba: vipande vinne vya mkate wa kumimina na tende za kutosha.

Baiskeli yangu ni ya milimani, ya mtumba, yenye magurudumu ya inchi 29, shokapu ya mbele tu, breki za diski na gia kumi nyuma. Niliitia upepo mdogo kuliko ninaoutia kwa lami, na hili linahitaji maelezo, kwa sababu ndipo wengi tunapokosea. Tairi lililojaa sana hudunda juu ya jiwe kama mpira wa watoto, halishiki. Tairi lenye upepo wa kiasi hulemaa kidogo, likalikumbatia jiwe, na gurudumu likapata pa kujishikilia. Lakini upepo ukipungua mno, ukagonga ukingo wa jiwe kwa kasi, mpira wa ndani hubanwa baina ya rimu na jiwe ukatoboka matundu mawili yaliyo sambamba, kama aliyeumwa na nyoka. Nilichagua paundi 26 mbele na 28 nyuma kwa uzito wangu, na mpaka leo naona nilichagua sawasawa. Kilichonikuta baadaye hakikutokana na upepo.

Niliondoka baada ya sala ya alfajiri, mwanga ulipotosha kuona ncha za vidole. Ulikuwa mwezi wa Agosti, kusi likivuma kutoka baharini, hewa ina ubaridi, na majani yamekauka umande mapema. Kilomita mbili za mwanzo zilikuwa za mashamba: udongo mwekundu, kuta za mawe yaliyopangwa bila ya kujengewa ili kuwazuia nguruwe mwitu wasiifikie mihogo, na njia pana ya kutosha kupita gari la ng'ombe. Kisha ukuta wa mwisho ukapita, vichaka vikasogea, na gurudumu la mbele likapanda juu ya mwamba wa kwanza.

Mwamba huo haumpi mpanda baiskeli nafasi ya kuketi. Unasimama juu ya pedali mbili zilizo sawa, moja haikushuka chini ya mwenziwe, magoti na viwiko vimelegea, kidole kimoja kimoja kimelala juu ya breki, na kiti kiko chini ya mapaja yako kikienda kushoto na kulia kinavyotaka. Ukikaza mikono, kila pigo la jiwe hupanda mpaka shingoni. Ukiisahau pedali moja ikashuka, itagonga jiwe na kukutupa upande wa pili. Haya yote nilikuwa nayajua. Nisichokijua ni pa kutazama. Nilikuwa nalitazama gurudumu langu la mbele kwa hofu, na mtu anayelitazama gurudumu lake huliona jiwe pale tu linapokuwa limeshamfikia. Katika robo ya saa niliweka mguu chini mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili sikuwahi kuuweka: gurudumu liliingia katika ufa, likasimama, na mimi nikaendelea mbele bila ya baiskeli.

Niliangukia kiganja na goti. Glovu ilichanika katika mstari ulionyooka, kana kwamba imekatwa kwa mkasi, na chini yake ngozi ilikuwa na mstari huo huo, mwembamba, ambao ulikaa kidogo kabla ya kutoa damu. Nikaketi kuusafisha, na kwa kuwa nilikuwa nimeketi, nikalitazama jiwe lenyewe kwa karibu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba sehemu hii ya kisiwa ilikuwa matumbawe hai chini ya maji. Miaka ipatayo 125,000 iliyopita bahari ilisimama juu ya ilipo leo kwa mita kadhaa. Baadaye barafu ilizidi duniani na maji yakashuka, hata ilipofika miaka kama 20,000 iliyopita yalikuwa chini kwa mita zipatazo 120, kiasi cha Unguja kuungana na Bara kwa nchi kavu, ilhali Pemba, iliyotengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ilibaki kisiwa peke yake. Matumbawe yaliyoachwa juu yakawa mwamba wa chokaa. Mvua, inapopita hewani na katika majani yanayooza, huchukua ukali mdogo wa tindikali, na ukali huo huyeyusha chokaa tone baada ya tone, ukiacha kingo, matundu na sindano. Ndiyo maana uwandani hakuna mto wala kijito: maji hayapiti juu, yanazama, na huko chini yanachimba mapango. Nimeyasema haya ubaoni kwa miaka mingi. Siku ile, umbali wa shubiri moja kutoka usoni mwangu, niliona katika jiwe lile umbo la tumbawe lenyewe, vile vyumba vidogo vidogo vilivyopangika kama sega la nyuki, na juu ya ukingo wa sega hilo palikuwa na uzi mmoja wa glovu yangu.

Nikaendelea, kwa taratibu zaidi. Baada ya kama nusu kilomita njia ilipinda ghafla kushoto, ikazunguka nusu duara pasipokuwa na kitu, kisha ikarudi kwenye mstari wake. Hapakuwa na mti, hapakuwa na jabali, ni majani makavu tu juu ya ardhi iliyo sawa. Nikafikiri kwamba hapo zamani ulianguka mti, watu wakauzunguka, na mti ulipooza wakaendelea na mazoea yao. Nikakata moja kwa moja. Ni bahati kwamba nilikuwa nakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu gurudumu la mbele lilipoyasukuma majani yale, majani yalizama. Chini yake palikuwa na tundu la upana wa sufuria ya pilau, jeusi, na kijiwe nilichokitupa ndani kilichukua muda kabla ya kulia.

Nilikaa pale kitambo. Nilikuwa nimeichukulia njia ile kama kitu kilichojitokea, kama vile maji yanavyopita yanapopita. Kumbe kila pindo lake lilikuwa uamuzi wa mtu. Mtu mmoja aliliona tundu lile, pengine kwa kuumia, akalizunguka. Aliyemfuata akazunguka pia, hata asijue sababu, na watoto wao vilevile, mpaka mwamba wenyewe ukashika alama ya miguu yao. Ndipo nilipoiona ile rangi nyeupe. Ilikuwepo tangu mwanzo. Ule weusi wa jiwe ni viumbe vidogo mno vinavyoota juu ya chokaa, na penye nyayo havipati nafasi ya kuota. Kwa hiyo njia ilikuwa imeandikwa mbele yangu kwa madoa meupe, mengine makubwa kama mkeka wa kusalia, mengine madogo kuliko kisahani cha kahawa, yakipokezana kushoto na kulia umbali wa hatua moja. Ilikuwa hatua ya mtu mzima aliyejitwika mzigo kichwani.

Kuanzia hapo nikaacha kulitazama gurudumu. Nilitazama doa jeupe la tatu au la nne mbele yangu, nikayaacha ya karibu yapite chini bila ya kuyaangalia, na baiskeli ikaanza kwenda. Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hili. Mikono ililegea yenyewe, pumzi ikatulia, na mlio wa tairi ukabadilika, kwa maana jiwe jeusi linakwaruza na jiwe jeupe linanong'ona tu. Kwa kilomita tatu au nne sikuweka mguu chini hata mara moja. Katika miaka tisa ya kuendesha baiskeli sikuwahi kupata furaha ya namna ile.

Mahali fulani katikati, penye duara la ardhi nyeusi ambapo zamani palikuwa na tanuri la mkaa, nilisimama kunywa maji na kuwakuta kima punju. Walikuwa kama wanane juu ya mti, migongo yao myekundu, wakinitazama bila ya wasiwasi mkubwa. Wengi huwajua kima hawa wa Jozani, katika hifadhi iliyofanywa ya taifa mwaka 2004, lakini wako pia katika vichaka vya kusini, na hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Mmoja alishuka, akaokota kitu chini, akapanda nacho. Watafiti waliowachunguza upande wa Jozani wameeleza kwamba kima punju hula mkaa, na maelezo yao ni kuwa mkaa huzinyonya sumu zilizomo katika majani ya mwembe na mkungu wanayoyapenda. Alichokiokota yule sikukiona vizuri, nami sitasema zaidi ya nilichokiona. Paa nunga, ambaye vichaka hivi vizito ndiyo makao yake, hakujitokeza.

Nilimsikia yule mzee kabla sijamwona. Kwanza ulikuja mlio wa keria inayolia kwa uzito, kisha sauti ya mtu anayejisomea uradi kwa chini chini. Alitokea kwenye kona akiwa juu ya baiskeli ya Phoenix ya gia moja, breki za fito, na mzigo wa kuni uliofungwa kwa vipande vya mipira ya zamani, mrefu kuliko baiskeli yenyewe. Alikuwa amepanda. Juu ya mwamba ule, kwa mzigo ule, alikuwa amepanda na anakuja. Adabu ya njia ni kumpisha mwenye mzigo, nami nikampisha haraka: nikatoka kwenye jiwe jeupe, nikaingia kando, na gurudumu la nyuma likatelemka katika ukingo mweusi. Sauti yake ilikuwa kama ya kanga inayochanwa, ikifuatiwa na upepo wote kutoka kwa mara moja.

Mzee akashuka, akaiegemeza Phoenix kwenye mti, akaja.

"Asalamu alaikumu, baba," nikamwambia.

"Waalaikumu salamu, mwanangu. Umelikanyaga jiwe bichi."

Ndivyo alivyoliita. Jeusi kwake ni bichi, jeupe ni bivu. Aliinama, akalishika tairi langu kwa kidole gumba, akalifunua jeraha. Lilikuwa ubavuni, si pale penye meno, na ubavu wa tairi ni mpira mwembamba uliopakwa juu ya nyuzi. Nyuzi zilikuwa zimekatika kwa upana wa vidole viwili. Mpira wa ndani mpya nilikuwa nao, lakini mpira mpya peke yake usingefaa kitu, kwa sababu ukijazwa upepo ungetokeza kwenye jeraha lile kama kiputo, na jiwe la kwanza lingeupasua. Isitoshe, kiraka changu kikubwa kilikuwa laini na kidogo. Nilibakiwa na karibu kilomita saba.

"Langu lina tairi ndani ya tairi," mzee akasema, akinionesha gurudumu lake. Kweli, ndani ya tairi la nje alikuwa amelaza tairi kuukuu lililokatwa kingo zake, ngao juu ya ngao. "Ndani litie kitu kigumu kisichovutika. Una nini?"

Nikamimina vyote nilivyokuwa navyo juu ya mwamba. Hakuangalia viraka wala mkanda wa plastiki. Alinyoosha mkono, akaushika mkoba wa mkate.

"Huu ukili nani kausuka?"

"Shangazi yangu, wa Jambiani."

"Kausuka vizuri. Kata kifuniko."

Nilisita, nakiri, kwa sababu mkoba ule ulikuwa zawadi. Kisha nikakata. Ukili wa miyaa una sifa ambayo sikuwahi kuifikiria: kila mwaa unapita juu ya mwenziwe na chini ya mwenziwe kwa mshazari, kwa hiyo ukiuvuta hauvutiki, na ukiukunja unafuata. Mzee alinionesha niulaze ndani ya tairi, msuko ukilikatiza jeraha, ncha zake zikizidi vidole vitatu kila upande, na upande ulio laini uelekee mpira. Nikapapasa kwanza kwa vidole kutoa kila chembe ya jiwe iliyobaki ndani, nikautia mpira mpya, nikautia upepo kidogo ili uushike ukili usihame, nikalirudisha tairi kwenye rimu kwa mikono, kisha nikapiga pampu kidogo kidogo huku yeye amelikamata gurudumu na kulitazama lile jeraha likijaa. Halikutokeza. Kwenye ufa ilionekana rangi ya miyaa tu, na ncha moja iliyotiwa rangi ya zambarau.

Hakutaka pesa. Alikubali vipande viwili vya mkate na tende, tukala tumesimama. Aliniambia kwamba mbele, penye mkwaju mkubwa, kuna ngazi tatu za mwamba zinazoshuka bondeni. "Ukifika, shuka utembee kwanza. Mimi hutembea kila mvua ikipita, na ni miaka mingi nazijua. Jiwe hubadilika." Kisha akaiondoa baiskeli yake mtini, akaisukuma hatua nne mpaka kwenye doa jeupe, akatia mguu wa kulia, akapanda. Hakulegalega. Nilimtazama mpaka kuni zikapotea katika majani.

Nimesoma historia ya mchezo huu na naiheshimu. Tarehe 21 Oktoba 1976, katika wilaya ya Marin huko California, Marekani, vijana walishindana kushuka mlima kwa baiskeli nzito za Schwinn zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940, za gia moja na breki ya kurudisha pedali nyuma. Breki zilipata moto mpaka grisi ikatoka moshi, na kila baada ya mteremko ilibidi kitovu cha gurudumu kifunguliwe na kutiwa grisi upya. Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu za kwanza zilizokusudiwa kazi hiyo, na mwaka 1996 baiskeli za milimani zikaingia Olimpiki kule Atlanta. Yote hayo ni kweli. Lakini nikiwa nimesimama pale na harufu ya kuni mbichi bado iko hewani, niliona kwamba ufundi niliokuwa nikiutafuta katika video za watu wa mbali ulikuwa ukipita Muyuni kila asubuhi juu ya gia moja. Watu hawa hawajawahi kuuita mchezo. Mawe na chokaa yaliyojenga nyumba za Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia mwaka 2000, yalitoka katika mwamba wa namna hii, na lazima kuna mtu aliyeyabeba.

Ngazi zilikuwa kama alivyosema. Nililaza baiskeli chini ya mkwaju, nikashuka kwa miguu, nikapanda, nikashuka tena. Ngazi ya kwanza ina doa jeupe kulia, ukubwa wa sahani. Ya pili ina doa kushoto, lakini mbele yake umepita mzizi. Ya tatu ndiyo ndefu, inafika gotini, na doa lake liko katikati, jembamba, na pembeni yake umesimama ukingo mweusi unaofanana kabisa na ule ulionikata. Katika mteremko kama huu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu na ndiyo yenye hatari. Uzito wote unaelekea mbele, na ukiikamata ghafla gurudumu linapogusa chini, baiskeli inasimama na wewe unaendelea. Unaibana kabla ya ngazi, unaiachia kwenye ngazi, unaibana tena baada yake, na kiuno chako kinabaki nyuma ya kiti muda wote huo.

Nilipanda, nikavuta pumzi, nikaliangalia doa la pili na kuliacha la kwanza lipite. Gurudumu la mbele likashuka, la nyuma likafuata, shokapu ikazama mpaka mwisho na kurudi. Nikageuza usukani kushoto kwa upana wa kidole, nikauruka mzizi, ngazi ya pili ikapita. Baina ya ya pili na ya tatu pana urefu wa baiskeli moja na nusu. Hapo nikasimama kwa breki zote mbili, nikaweka mguu chini, nikashuka. Nililiona lile doa jembamba na nilijua naweza kulipata mara tisa kati ya kumi, lakini nilikuwa na tairi moja lenye jeraha, mpira mmoja wa akiba, na hakuna mtu aliyekuwa nyuma yangu. Nikaibeba baiskeli ngazi ile moja, taratibu.

Baada ya bonde njia ilizidi kufifia, na hili limeniuma kuliko goti. Kila nilipokaribia Jambiani madoa meupe yalikuwa yanaanza kurudi kijivu. Kuna tawi moja la njia linaloelekea kusini ambalo nililifuata kwa hatua hamsini, likapotea kabisa chini ya magamba meusi. Nyumba nyingi sasa zinapikia gesi, na vijana wengi wa vijiji vya pwani wamo katika mahoteli au baharini. Hakuna kosa katika hilo, na msitu unapumua. Lakini njia ya uwandani haina mwenyewe wa kuitunza isipokuwa miguu inayoipita, na yale yaliyoandikwa na miguu hiyo, likiwemo lile pindo la nusu duara kando ya tundu, yanafutika jiwe kwa jiwe.

Minazi ilianza kuonekana saa tano na nusu, kisha bahari, kisha mistari ya vigingi vya mwani katika maji yaliyokupwa. Mita ya baiskeli ilisoma kilomita 16 na kidogo. Shangazi alikuwa barazani na kinamama wenziwe, wamerudi kutoka pwani, mikono ina chumvi, wanasuka. Amelima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza hapa mwishoni mwa miaka ya 1980, na vidole vyake havijui kukaa bure. Alilitazama goti langu, akaitazama glovu, akasema "Pole baba," kisha macho yake yakafika kwenye mkoba.

Nikamwonesha tairi. Aliinama, akaitia miwani, akaigusa ile ncha ya zambarau iliyotokeza katika ufa, akaivuta kidogo kwa kucha. Haikutoka.

"Kiache humo," akasema. "Mkoba nitautia kifuniko kingine."

Akachukua miyaa iliyokuwa mapajani mwake, akailoweka, akaanza.